Pingili Nne

Gia ya mbele ilikuwa na meno hamsini na mawili.
Baba aliyataja kama wengine wanavyotaja vyeo vyao:
hamsini na mawili, pale baa ya Txomin,
glasi ya mvinyo wa tufaha mkononi;
hamsini na mawili, kwa daktari wa moyo
ambaye hakuuliza.

Mji wetu wa Kibaski umebanwa kati ya milima miwili
kama chuma ndani ya jiriwa.
Ukitoka mlangoni, ama unapanda ama unashuka;
tambarare ni uwanja wa pelota tu, na makaburi.
Mwezi wa tatu nilimkuta kwenye kona ya juu
ameshuka, anaisukuma baiskeli,
na alipoitambua gari yangu
akainama, akajidai anafunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.

Nikanunua gia ya meno arobaini na manne.
Sikumwambia.
Nilingoja alale baada ya chakula cha mchana,
nikashuka karakana, manyunyu yakilamba dirisha.
Gia mpya ilikaa kwa bolti zile zile tano, bila ubishi.
Shida ikawa cheni.

Ilizoea duara pana. Sasa imelegea,
inaburuza tumbo kama paka aliyezaa jana,
na ule mkono wa nyuma wenye springi,
ambao kazi yake ni kuikaza,
ulijikunja hadi mwisho wa uwezo wake
ukabaki umetazama ukuta.

Meno manane yameondoka, lakini hesabu si nane:
cheni hukumbatia nusu tu ya gia,
nusu nyingine iko wazi, inakula upepo.
Kwa hiyo nne.
Nazo zitoke mbili mbili, nyembamba na pana,
maana ncha mbili za namna moja hazioani.

Sikuiamini karatasi.
Niliizungusha cheni gia kubwa mbele, gia kubwa nyuma,
bila kuipitisha kwenye ule mkono,
nikazivuta ncha zikutane, nikaongeza pingili mbili.
Karatasi na chuma vikasema neno moja.
Bado sikukata.
Cheni ndefu hulalamika tu.
Fupi hungoja siku uko katikati ya mlima,
umeomba gia kubwa ya nyuma, pumzi imekwisha,
ndipo ing'oe mkono na kuutia ndani ya spoku.

"Iegemeze vizuri kwanza, Garbiñe."

Alikuwa mlangoni, miguu ina soksi tu.
Miaka thelathini na minne ya mashine za kiwandani
imemla masikio, kengele ya mlango haisikii,
lakini cheni ikiguswa ghorofa ya chini
anaisikia usingizini.

Akachuchumaa. Akaanza kuhesabu kwa kidole,
jino baada ya jino, midomo ikicheza.
Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo
kama karani asiyeamini noti.
Nikangoja radi.

"Pini usiitoe yote," akasema.
"Iache ichungulie. Ikianguka chini,
utaitafuta mpaka Krismasi."

Nikazungusha. Pini ikasogea, ikachungulia.
Kipande kikamwangukia kiganjani.
Tukaunganisha kimya, yeye ameshika ncha, mimi nasukuma,
kisha akaipinda ile pingili kulia, kushoto,
kulia, kushoto,
hadi ugumu ukaitoka.

Zile nne akazifuta kwa kitambaa,
akazitia mfuko wa sweta,
mfuko wa vidonge.

Jumapili alipanda hadi kisimani bila kushuka.
Sikumfuata; nimesimuliwa.
Ila jioni nilipita kwa Txomin kununua mkate
nikamsikia, sauti ile ile:
hamsini na mawili.
Mkono mmoja ulikuwa mfukoni,
na mle ndani kitu kilikuwa kikilia,
chuma kwa chuma,
taratibu.